Kwa Nini Faili Kubwa Hukwama Njiani Kwenda Kwenye Diski ya Akiba

Wazee walisema akiba haiozi. Bila shaka walikuwa wakisema habari za nafaka ghalani na fedha sandukuni, maana mambo yaliyowekwa ndani ya kompyuta huoza, tena huweza kuoza kwa siku moja. Kompyuta huibwa, huanguka, huunguzwa na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, na hata ikitunzwa vizuri namna gani, diski yake huzeeka. Kwa sababu hiyo watu wenye busara hununua diski ya nje, yaani kisanduku kidogo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya, wakaweka humo nakala ya kila kitu chenye thamani. Lakini wengi huona ajabu: faili ndogo hupita bila taabu, bali zile kubwa hukwama njiani. Makala hii yaeleza sababu za jambo hilo, na jinsi ya kuzitambua moja moja.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa shuleni. Chama chetu cha Historia kimekusanya kwa muda wa miaka mitatu picha za video za wazee wakisimulia habari za kale: njia za biashara, asili ya majina ya milima na mito, na jinsi watu walivyoishi kabla ya barabara kufika. Picha hizo ni gigabaiti 412. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kufariki, na hakuna atakayeweza kuwauliza tena. Mpaka muhula uliopita picha zote zilikuwa katika kompyuta moja ya maktaba, bila nakala nyingine popote. Kazi ya kuzihamisha ilikwama mara nne, na kila mara kwa sababu nyingine. Basi mengi yatakayosemwa hapa yamekwisha kujaribiwa.

Kwanza yafaa tufahamu maana ya kunakili. Mtazame mtu ahamishaye maji kwa ndoo kutoka pipa moja mpaka pipa jingine. Kompyuta nayo husoma kipande cha faili kutoka diski ya ndani, hukiweka kwa muda mfupi katika kumbukumbu yake, kisha hukipeleka kwa njia ya waya na kukiandika katika diski ya nje. Halafu hurudi kuchota tena, na tena, mara maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo mahali pa kuharibika ni patatu tu: pipa la kwanza, njia, na pipa la pili. Kazi ikikwama, usiwe na haraka ya kuilaumu diski mpya. Jiulize kwanza, ni wapi katika hapa patatu? Tena badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, maana ukibadili waya, tundu na diski kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua dawa ilikuwa ipi.

Sababu ya kwanza, nayo ni ya kawaida mno, ni mfumo wa faili wa diski ya nje. Diski ni tupu, ina nafasi ya gigabaiti mia tisa na zaidi, na faili unayoihamisha ni gigabaiti 7 tu. Hata hivyo kompyuta yakataa na kusema kwamba faili ni kubwa mno. Huu si uongo, wala diski si mbovu. Diski nyingine, na hasa vijiti vidogo vya kumbukumbu, hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mfumo uitwao FAT32. Katika mfumo huo ukubwa wa kila faili huandikwa katika nafasi ya tarakimu 32, na kila tarakimu ni sifuri au moja. Idadi kubwa kabisa iwezayo kuandikwa hapo ni baiti 4,294,967,295, yaani pungufu ya baiti moja tu kufikia kile kiasi ambacho Windows hukiita gigabaiti 4. Mfano wake ni karani wa ghala aliyepewa daftari lenye vyumba vitatu tu vya kuandikia hesabu ya magunia ya kila mkulima. Aweza kuandika 999, lakini mkulima akileta gunia la elfu moja, karani hana pa kuliandika, hata kama ghala lina nafasi tele.

FAT32 ilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1996, wakati ambapo diski nzima ya kompyuta ya nyumbani mara nyingi haikuzidi gigabaiti mbili au tatu. Nani angewaza habari ya faili moja kupita diski nzima? Lakini leo video ya saa moja iliyopigwa kwa kiasi cha megabiti 17 kwa sekunde hupita gigabaiti 7 na nusu. Hii ndiyo sababu pia kamera nyingi hukata mazungumzo marefu kuwa vipande vya gigabaiti 4 kila kimoja: kadi zake zatumia mfumo uo huo.

Dawa yake ni kuipanga diski upya kwa mfumo mwingine. Ikiwa diski itatumiwa na kompyuta za Windows pekee, NTFS, mfumo uliotolewa mwaka 1993, wafaa sana, kwa kuwa huandika kwanza katika daftari lake mabadiliko ya mpango wa faili unaotaka kuyafanya, hata umeme ukikatika ghafula mpango wenyewe hauvurugiki upesi. Ikiwa diski itatumiwa pia na kompyuta za Mac, chagua exFAT, uliotolewa mwaka 2006, maana Mac husoma NTFS lakini haiandiki humo bila kuongezewa programu nyingine. Bali exFAT haina daftari la namna ile, kwa hiyo yataka uangalifu zaidi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Angalia sana: kuipanga diski upya hufuta kila kitu kilichomo. Ikiwa mna kitu ndani yake, kitoe kwanza na kukiweka mahali pengine salama.

Sababu ya pili ni upungufu wa umeme. Diski nyingi za nje hazina waya wake wa umeme. Hula umeme wa kompyuta kwa njia ya tundu la USB. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski ya namna ya zamani ina sahani izungukayo kwa mota, na mota hiyo huwa na njaa, hasa inapoanza kuzunguka. Ukiiunganisha kwa kupitia kigawanyi kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya na kijiti cha kumbukumbu, wote hugombea chakula kimoja. Dalili zake ni hizi: diski hutoa sauti ya kugonga-gonga, hupotea katika orodha kisha hurudi, au kunakili husimama mahali tofauti kila mara. Basi ondoa kigawanyi, chomeka diski moja kwa moja katika kompyuta, na ikiwa ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, ambayo yako juu ya ubao mkuu wenyewe. Halafu jaribu waya mwingine ulio mfupi. Waya mbovu ni kitu kidogo na cha bei rahisi, lakini umewafanya watu wengi kuzitupa diski zilizo nzima.

Ndugu wa sababu hiyo ni usingizi wa kompyuta. Kompyuta nyingi zimeagizwa zilale baada ya dakika kadhaa bila kuguswa, na nyingine huzima tundu la USB ili kutunza umeme. Mtu huanza kunakili saa kumi na moja jioni, aenda kula, akirudi akuta kazi imekufa. Kabla ya kazi ndefu fungua mipangilio ya umeme na uizuie kompyuta kulala. Kompyuta ya mapajani iwe imechomekwa katika umeme, isitegemee betri.

Sababu ya tatu si ugonjwa, ni kukosa subira kwa kutojua hesabu. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, imepewa mwendo wa megabiti 480 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hiyo ni megabaiti 60; lakini kwa kweli kazi hufanyika kwa megabaiti 30 mpaka 40. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, yaweza kupitisha megabiti 5,000 kwa sekunde, ila diski ya sahani yenyewe haiwezi kuandika upesi hivyo. Mara nyingi hufika megabaiti 100 na kidogo tu. Sasa tupige hesabu ya zile gigabaiti 412. Kwa megabaiti 35 kwa sekunde, zahitaji sekunde 11,771, yaani saa tatu na robo. Kwa megabaiti 110, zahitaji sekunde 3,745, yaani saa moja na dakika mbili. Diski ni ile ile, kompyuta ni ile ile, tofauti ni tundu na waya tu. Mara nyingi tundu la USB 3.0 lina ulimi wa rangi ya buluu ndani yake. Kumbuka kwamba waya wa zamani katika tundu jipya utakwenda kwa mwendo wa zamani.

Msomaji ataona pia kwamba mwanzo kompyuta hukimbia, kisha baada ya dakika chache hupunguza mwendo. Mwanzoni kompyuta huweka vipande katika kumbukumbu yake na kuhesabu kana kwamba vimekwisha andikwa. Kumbukumbu ikijaa, mwendo wa kweli wa diski huonekana. Tena diski nyingine zimetengenezwa kwa mistari iliyolaliana kama vigae vya paa, ili zichukue mengi zaidi. Kubadili mstari mmoja hulazimisha kuandika upya mistari ya jirani, na kwa hiyo kazi ndefu huzichosha. Hii haina dawa ila subira. Faili ndogo nyingi nazo hukawiza, kwa sababu kila moja yataka jina lake liandikwe katika orodha ya diski. Picha elfu kumi za kilobaiti chache zaweza kuchukua muda mrefu kuliko video moja yenye uzito sawa na zote. Hizo yafaa zifungwe pamoja katika furushi moja la zip kabla ya safari.

Kwa sababu ya kumbukumbu hiyo hiyo, usichomoe waya mara tu uonapo asilimia 100. Huenda vipande vya mwisho vingali ndani ya kompyuta. Iagize kompyuta iiachilie diski kwa usalama, ngoja ikubali, ndipo uchomoe.

Sababu ya nne ni majina. Windows haikubali katika jina la faili alama ya mkwaju, nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama za mtajo, wala mabano yenye ncha. Mtu akiandika jina la faili katika kompyuta ya namna nyingine, akatia alama ya kuuliza au nukta mbili, faili hiyo yaweza kukataliwa inapohamishiwa kwenye diski ya Windows. Tena programu nyingi za Windows hazipendi njia nzima ya faili, yaani majina ya folda zote pamoja na jina la faili lenyewe, izidi herufi 260. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na jina refu kama barua ya posho, hufikia mpaka huo upesi. Fupisha majina, na tarehe uiandike hivi: 2023-04-12. Ikiandikwa hivyo haina alama iliyokatazwa, na faili hujipanga zenyewe kwa utaratibu wa siku.

Sababu ya tano ndiyo ya kuogofya zaidi, nayo ni ubovu wa diski. Hapa yapasa kutazama kwa makini mahali kazi inaposimama. Ikisimama mahali tofauti kila mara, shuku waya na umeme. Ikisimama kila mara katika faili ile ile, jaribu kuinakili faili hiyo peke yake katika kijiti kingine. Ikikataa huko pia, basi ubovu uko katika pipa la kwanza: sehemu ya diski ya ndani haisomeki. Wakati huo usirudie-rudie kuilazimisha, maana diski inayokufa huzidishiwa ugonjwa kwa kulazimishwa. Iruke faili hiyo, okoa kwanza zote zilizo nzima, kisha ndipo umwite fundi au utumie programu ya kukagua diski. Watu wengi hutengeneza kwanza na kuokoa baadaye. Utaratibu ulio sawa ni kuokoa kwanza.

Sababu ya sita ni udanganyifu wa sokoni. Ziko diski na vijiti viuzwavyo kwa bei ya ajabu, vikiandikwa terabaiti 2 au zaidi, na ndani yake mna kumbukumbu ndogo tu iliyofundishwa kusema uongo. Hupokea faili zote bila kulalamika, majina yote huonekana, lakini zikifunguliwa hazina kitu. Kwa hiyo diski mpya ipimwe kabla ya kuaminiwa. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac huijaza diski nzima kisha husoma tena kila kilichoandikwa, na kusema ukweli wake. Lakini tusiwaonee wauzaji waaminifu. Diski ya terabaiti 1 ikionyesha 931 katika Windows, hujaibiwa. Mwenye kiwanda huhesabu baiti 1,000,000,000,000, na Windows huzigawa kwa 1,073,741,824, ambayo ndiyo gigabaiti yake. Jibu ni 931. Baiti ni zile zile, vipimo ndivyo tofauti.

Sasa twende kwenye njia ya kufanya kazi. Kuburuta folda kwa kipanya kwafaa kwa vitu vidogo, lakini kwa kazi kubwa yafaa kutumia programu iwezayo kuendelea ilipoachia. Windows ina programu yake iitwayo robocopy. Ikiwa picha zimo katika diski D na diski ya nje ni E, andika katika dirisha la amri hivi:

robocopy D:\Wazee E:\Wazee /E /Z /R:3 /W:5

Alama ya /E yaagiza kuchukua folda zote za ndani. Alama ya /Z yaagiza kwamba faili ikikatika katikati, iendelee ilipokomea. Hizo mbili za mwisho zaagiza kujaribu mara tatu tu na kungoja sekunde tano kila mara, kwa maana usipoagiza, programu hii itajaribu faili moja mbovu mara milioni moja, na kungoja sekunde 30 kila mara! Umeme ukikatika, andika amri ile ile tena. Faili zilizokwisha fika zitarukwa. Usitie alama ya /MIR usipoielewa, kwa kuwa hufuta katika diski ya nje kila kisichokuwamo katika folda ya kwanza. Watumiao Linux na Mac wana rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, nayo hufanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Kazi ikiisha, usiamini macho. Linganisha hesabu ya faili na jumla ya baiti za pande zote mbili. Kwa faili zenye thamani kubwa, fanya zaidi ya hapo: tafuta alama yake ya SHA-256. Hii ni hesabu inayofanywa juu ya kila baiti ya faili na kutoa mstari wa tarakimu na herufi 64. Katika Windows huandikwa certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mistari miwili ikilingana, nakala ni sawasawa na asili. Baiti moja ikibadilika, mstari wote hubadilika. Na mpaka hapo asili isifutwe. Nakili, usihamishe. Anayekata na kubandika hana nakala mbili. Ana moja tu iliyobadilishiwa nyumba, na njia ikikatika huenda asiwe na yoyote.

Mwisho nasema, diski moja haitoshi. Desturi nzuri ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyingine. Diski inayolala juu ya kompyuta ile ile itaibwa pamoja nayo, itaungua pamoja nayo, na italowa mvua pamoja nayo paa likivuja. Kila diski ibandikwe karatasi yenye tarehe ya kunakiliwa na jina la aliyenakili, na habari hiyo hiyo iandikwe katika daftari la chama, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha kila muhula ichomekwe, na faili mbili tatu zifunguliwe na kutazamwa mpaka mwisho. Ikiwa mzee bado asema, na sauti yake yasikika vizuri, irudishe diski mahali pake.